Mgongo wa Ildephonse

Mikono iliyojua kunyoosha mwili kuliko mingine yote pale Mbugangari ilikuwa ya Cansilde, na ndiyo mikono ambayo akina mama wa mtaa waliikataa. Nasema mapema ili msije mkadhani nawasimulia habari za watu wema. Wema walikuwamo wawili watatu, sikatai, lakini hadithi hii haiwahusu.

Upande ule wa Gisenyi, mpakani mwa Rwanda na Kongo, mtoto mchanga haogeshwi tu akafungwa nguo. Akitoka kwenye maji ya uvuguvugu hulazwa mapajani, akapakwa mafuta, kisha akanyooshwa. Mkono huu unavutwa polepole kuelekea mguu wa upande wa pili, magoti yanakunjwa hadi tumboni na kukunjuliwa, kidole gumba kinateremka kando ya uti wa mgongo bila kuugusa wenyewe. Ukifanya kwa pupa, mtoto analia mpaka anakatika pumzi. Ukifanya kwa utulivu anapiga miayo na kulala. Cansilde alifundishwa kazi hiyo na shangazi yake Mukarugwiza kule Nyundo, tangu akiwa msichana, na watoto walikuwa wakimlalia kabla hajafika miguuni. Alipoolewa Mbugangari, wazazi wapya walimletea watoto wao. Aliwanyoosha bila kudai kitu, akifurahi tu kuwashika.

Halafu miaka ikapita, tumbo lake likabaki vile vile. Mmoja wa wale akina mama akasema mtoto wake ana mafua. Mwingine akasema mama mkwe amekuja kukaa, ndiye anayenyoosha sasa. Wa tatu alibadilisha njia tu. Wa mwisho alikuwa Drocella, jirani wa ukuta mmoja, na huyo angalau alikuja kusema ana kwa ana.

"Sha Cansilde, si mimi," alisema, mtoto amemfunga mgongoni kwa nguvu kana kwamba kuna mtu wa kumnyakua. "Ni bamama. Banasema mukono ya mutu asiye na mutoto inakaushaka mutoto. Mi siamini, lakini unajua vile batu iko."

"Basi usimulete," Cansilde akajibu.

Akaingia ndani, akakaa kitandani, akaitazama mikono yake. Aliichukia siku ile. Na kuichukia mikono yako mwenyewe ni mateso, maana unaamka nayo, unapika nayo, na jioni bado unayo.

Mumewe, Ildephonse, alikuwa mpagazi kwenye kizuizi cha mpaka wa Goma. Wapagazi pale mjini huitwa makarani, sijui nani aliyewapa cheo hicho. Alikuwa mrefu, shingo nene, na mgongo ambao wenzake waliusifu mpaka ukamlevya. Mama yake alikuwa mtu wa ng'ambo, ndiyo maana nyumbani kwao walisema Kiswahili cha Goma kuliko Kinyarwanda. Ndugu zake walikuwa wamekwisha kumshauri amrudishe Cansilde Nyundo, kwa kuwa mwanamke asiyezaa ni mgeni tu anayekula. Ildephonse alikuwa bado anafikiri. Alipenda kumwambia mkewe kwamba bado anafikiri, hasa wakati wa kula.

Cansilde angeweza kumkanda kila jioni akitoka kubeba. Alijitolea mara nyingi. Ildephonse hakutaka, kwa sababu alikuwa na imani moja ambayo makarani wote wa mpakani walikuwa nayo: mtu asiyekuliza hajakukanda. Siku za mapumziko walikwenda kwa mguu hadi Nyamyumba, kwenye maji ya moto yanayochemka kando ya ziwa, ambako Bizumuremyi alikuwa amejiwekea mahali pake juu ya mawe. Bizumuremyi alikuwa na magoti makubwa, na alikanda kwa magoti. Alimpandia mtu mgongoni, akashika miguu yote miwili, akaivuta juu hadi kitu fulani kilie ndani. Makarani walipiga kelele, wakatokwa machozi, wakamnunulia pombe, kisha wakarudi mjini wakishindana nani alilia zaidi. Watu wazima, wenye ndevu.

"Ile yako ni ya batoto," Ildephonse alimwambia mkewe. "Unanipapasa. Mi siko mutoto."

Wakati ninaousimulia, watu walikuwa wamekwisha kurudi kutoka kwenye makambi ya wakimbizi ya ng'ambo, na vita vya wacengezi, wale waliojipenyeza kutoka msituni, vilikuwa vimewasha moto milima yote ya kaskazini. Barabara ya kwenda sokoni Mahoko leo ilipitika, kesho haikupitika, na hakuna aliyeuliza sababu kwa sauti. Lakini mpakani mizigo haikukoma. Siku moja ya mvua lilishushwa robota la mitumba ambalo kwa kawaida hunyanyuliwa na watu wawili, na karani mwenzake Rugema akasema hakuna mtu Gisenyi awezaye kulibeba peke yake. Alikuwa anatania. Ildephonse hakujua utani ulipohusu mgongo wake. Alilibeba, akalivusha lote hadi kwenye lori, watu wakishangilia. Alipoinama kulitua, kiuno kikamshika.

Alifika nyumbani amepinda upande, jasho linamtoka, akijifanya anacheka. Cansilde alimwona mlangoni akajua. Alichemsha maji, akaloweka kitambaa kizito, akakikamua, akamwekea kiunoni.

"Leo hakuna kuvuta," alimwambia. "Musuli imekasirika. Tunaipatia joto, unapumuzika, kesho tunanyoosha kidogo tu. Polepole itaachia."

"Kesho naenda kwa Bizumuremyi."

"Ildephonse, nakuomba. Usiende kule na mugongo hii."

Alipiga magoti, ndiyo, alipiga magoti chini akamshika mguu. Alikuwa anaona wazi kitakachotokea. Ildephonse aliusukuma uso wake kwa wayo wa mguu, si kwa nguvu, kama mtu anavyomsogeza kuku njiani, akageukia ukutani.

Asubuhi Rugema alimshika mkono wakaenda. Aliporudi hakuwa ameshikwa mkono. Alikuwa ndani ya ingobyi, kile kitanda cha kusukwa ambacho wanaume wanne hubebea mgonjwa mabegani. Bizumuremyi alikuwa amempandia kama kawaida na kuvuta kama kawaida, na Ildephonse alikuwa amelia kuliko makarani wote waliowahi kulia pale. Hakuna aliyemshindania.

Hospitali ilikuwa imejaa majeruhi wa risasi. Walimpima, wakasema mfupa haukuvunjika, ni misuli iliyochanika na kukakamaa, wakampa vidonge vya maumivu, wakamwambia arudi nyumbani alale. Alilala. Miguu yake aliisikia, vidole vilicheza, lakini akijaribu kukaa alipiga ukelele na kuanguka. Ndugu zake walikuja mara moja, wakasimama mlangoni na viatu vyao, wakasema Mungu ni mwema, wakaondoka. Yule Bizumuremyi alituma salamu.

Hapo Cansilde akabaki peke yake na mgongo ule. Na mimi sitampamba: moyoni mwake, chini kabisa ya huruma, alifurahi. Alikuwa amekatazwa kila mwili wa mtaa mzima, na sasa mwili mmoja mkubwa ulikuwa umelala mbele yake hauwezi kukataa. Tena alijua kitu gani anakitafuta. Ildephonse akisimama tena, atasimama kwa mikono hii hii iliyoitwa mikavu. Na mtu aliyesimamishwa na mke wake, nani atathubutu kumwambia amrudishe kwao? Nyumba yake yote alikuwa ameiweka juu ya mgongo wa mwanamume yule, na ulikuwa mgongo uliokwisha kuharibika.

Akaanza. Mafuta ya ng'ombe hayakupatikana, ng'ombe wa Nyundo walikuwa wameliwa na kila aliyepita na bunduki, kwa hiyo alitumia mawese ya ng'ambo, na Ildephonse akawa na mgongo wa rangi ya chungwa. Asubuhi kitambaa cha moto. Kisha viganja viwili vipana, kutoka kiunoni kwenda juu, taratibu, bila kubonyeza, kwa muda mrefu mpaka ngozi inapata joto. Akikuta fundo hakupigana nalo. Aliweka mkono juu yake akaacha, akaenda kwingine, akarudi. Baadaye alimgeuza chali, akaushika mguu mmoja, akaukunja goti kuelekea kifuani mpaka Ildephonse anasema linavuta. Halafu akausimamisha papo hapo, asiusukume hata kidogo zaidi, akamwambia apumue. Akaushusha, akachukua wa pili. Ilikuwa ni kazi ile ile ya mapajani, ila mtoto huyu alikuwa na uzito wa mtu mzima na mdomo mchafu.

"Unanichezea," Ildephonse alikuwa akisema. "We unanichezea tu. Mugongo inataka nguvu."

"Ilipata nguvu kule Nyamyumba."

"Nyamaza, tasa."

Baada ya hapo Cansilde alitoka kwenda Mahoko kutafuta viazi, siku barabara ilipofunguka, akabeba gunia kichwani na mgongoni hadi mjini, akauza rejareja mbele ya nyumba, akapika, akarudi kwenye mawese. Mgongo wake yeye ulianza kuuma tangu majuma ya mwanzo, sehemu ile katikati ya mabega. Hakuwa na wakati nao.

Mtaa ulipata burudani. Kuta za Mbugangari ni nyembamba, na mtu aliyechungulia dirishani alimwona Ildephonse amelazwa uchi, amepakwa mafuta, miguu inakunjwa na kukunjuliwa. Wakacheka mpaka wakashikana. Wakasema Cansilde hatimaye amepata mtoto, tena amezaliwa na masharubu. Watoto wakalifanya wimbo. Rugema mwenyewe alikuja na chupa ya bia kumpa pole, akauliza kama mtoto ameota meno. Ildephonse alicheka naye vizuri sana. Rugema alipotoka, alilishika beseni la maji ya moto lililokuwa kando akamrushia mkewe kifuani.

Hayakuwa yamechemka, tuseme hivyo. Cansilde alibadili blauzi akachota mengine.

Siku moja Ildephonse alipita kiasi, hata kwa kipimo chake. Alikuwa amelala kifudifudi, mkewe anamkanda, na akaanza kuzungumza kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayewaza tu.

"Ungekuwa mwanamuke wa kweli, saa hii mi ningekuwa na kijana. Angenibeba. Donc, Mungu alininyima kijana, alininyima mugongo, akaniachia we."

Kidole gumba cha Cansilde kilikuwa juu ya lile fundo baya la kiunoni, lile alilokuwa akilizunguka wiki nzima bila kuligusa. Hakufikiri. Alikizamisha, akaegemea kwa uzito wake wote. Ildephonse alitoa sauti iliyomfanya Drocella adondoshe sufuria kule upande wa pili. Cansilde hakukiondoa mara moja. Alikiacha pale, akasikia nyama inavyoruka chini ya kidole, na ilikuwa tamu. Nakwambia ilikuwa tamu, tangu utotoni hakuwa ameonja kitu kama hicho.

Alipoachia, Ildephonse alikuwa analia machozi juu ya mto.

"Voilà," alisema akihema. "Voilà, Cansilde. Leo ndio umenikanda."

Basi ndivyo alivyokuwa. Jioni ile alimsifu mbele ya Drocella, akasema bibi yake ameanza kujua kazi. Na usiku mgongo ukavimba, akapoteza yote yaliyokuwa yamepatikana kwa siku nyingi, ikabidi Cansilde aanze tena na kitambaa cha moto. Aliona haya. Hakurudia, ingawa aliombwa.

Mvua zikaisha, zikaja nyingine. Asubuhi moja Ildephonse aliketi mwenyewe. Wote wawili walitazamana. Juma lililofuata alisimama akishika ukuta. Cansilde akamfundisha namna ya kuinuka: geuka ubavu kwanza, shusha miguu, jisukume kwa mkono, usijikurupushe. Akamfundisha kunyoosha mikono juu ya mlango, kisigino chini, tumbo ndani. Akamwambia dawa iliyobaki sasa ni kutembea. Kila siku atembee, na kila siku aongeze kidogo, hata kama inauma kidogo, ila akisikia mchomo arudi.

Ildephonse akatembea. Kwanza hadi kwenye bomba la maji, akirudi kijivu usoni. Kisha sokoni. Kisha akateremka hadi ziwani, akakaa mchangani, akapanda tena. Kila aliporudi Cansilde alimlaza, akamkanda miguu, akamnyoosha nyuma ya mapaja, huku akimuuliza kama mtu anayemwuliza mwanafunzi: umefika wapi leo? Na Ildephonse akijibu mahali pa mbali zaidi, alitabasamu mwenyewe gizani mwa chumba kile. Alipofika kizuizini kwa mara ya kwanza, makarani walimpigia makofi. Baadaye akasema amevuka. Amefika Goma, ametembea kwenye yale mawe meusi ya moto wa zamani wa volkano, na mgongo haukusema kitu.

"Goma!" Cansilde alisema. "Uende tena kesho."

Akaenda tena kesho. Alienda karibu kila siku. Alianza kutaka shati lililopigwa pasi, na Cansilde alitia makaa kwenye pasi akalipiga. Alianza kuoga kabla ya kutoka badala ya baada ya kurudi, na kujipulizia manukato.

"Kutembea gani hii inatakaka parfum?" Drocella aliuliza, akiwa ameegemea mlango.

"We unaona wivu," Cansilde alimjibu, na ndiyo mara ya kwanza alimjibu jirani yake vibaya. "Wako anashindaka kwa bar. Wangu anatembea ju ya dawa."

Drocella akafumba mdomo, akarudi kwake. Huyo ndiye aliyekuwa mmoja wa wale wema wawili watatu, na angalia alivyomsaidia.

Miezi kadhaa baadaye, siku za jua zilipokuja, Ildephonse alisema jambo zuri. Alisema ana binamu yake Goma, Kimenyi, mwenye duka, anatafuta mtu wa kukaa na kuangalia mali. Hakuna kubeba, ni kukaa tu na kusimama. Angekaa huko juma lote na kurudi Jumapili, mpaka mgongo ukomae kabisa, kisha wataona. Aliyasema hayo akila, na kwa mara ya kwanza tangu zamani hakusema kwamba bado anafikiri juu ya Nyundo. Cansilde alisikiliza akahisi kifua kimefunguka. Alijua tayari ameshinda.

"Ila kule nitalala wapi?" Ildephonse aliuliza. "Chini kwa Kimenyi ni mawe. Mugongo itarudi nyuma."

"Utabeba godoro yetu," Cansilde alisema mara moja. "Mi nitalala kwa mukeka, haina shida."

Lile godoro alikuwa amelishona yeye mwenyewe upya wakati wa ugonjwa, akalijaza majani makavu yaliyoshindiliwa mpaka likawa gumu sawasawa, lisizame kiunoni. Lilikuwa zito kama mtu. Asubuhi alilikunja, akalifunga kamba, na Ildephonse akasimama pembeni, mikono mfukoni, shati limenyooka.

"We mwenyewe ulisema nisibebe kitu," alisema.

"Ni kweli. Usiguse."

Alijitwika godoro kichwani, likamwinamisha shingo, na wakateremka Mbugangari mpaka njia ya mpakani, yeye mbele na mzigo, mumewe nyuma akitembea vizuri, mabega wazi, kisigino kwanza, kama alivyofundishwa. Watu waliwaangalia. Cansilde hakuweza kugeuza kichwa kuwasalimu, lakini alitamani kila mmoja aone mwendo wa mtu yule. Aliyechungulia dirishani, aliyeimba wimbo, na wale akina mama pia, wote waone.

Karibu na kizuizi, upande wao wa mpaka, mwanamke kijana alikuwa anangoja kivulini mwa ukuta. Alimwona Ildephonse akacheka kwa uso wote. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kilifungwa juu, kwa sababu tumbo lilikuwa limefika mbali. Miezi yake ungeweza kuirudisha nyuma moja kwa moja hadi zile siku za shati la pasi.

"Laurence," Ildephonse alisema. Alitazama chini, kisha akaitazama barabara. "Bon. Huyu ndiye ule mama wa quartier, jirani tu, alikuwa ananikandaka."

Cansilde alikuwa bado amejitwika godoro, ukingo wake umemshukia kwenye paji la uso, hivyo hakuna aliyeuona uso wake vizuri. Laurence aliushika mkono wake kwa mikono miwili, akapinda magoti kidogo kwa heshima.

"Aksanti sana, mama," alisema. "Ildephonse anasemaka kama bila nyinyi angekuwa amekufa. Mungu awapatie nguvu. Na munionyeshe kidogo, nijue kumukanda mi mwenyewe."

Hakuwa msichana mbaya. Ukweli alikuwa haujui, na macho yake yalikuwa safi kabisa. Afadhali angekuwa mshenzi.

Cansilde alilitazama lile tumbo. Miaka yote alikuwa amejipa tumaini moja dogo, ambalo hakumwambia hata shangazi yake, kwamba huenda kasoro ni ya Ildephonse. Lilimtoka pale barabarani, na hakuna aliyeona linatoka. Alisikia mdomo wake unaanza kusema, kwa mazoea tu, yale yale ya kila siku.

"Usimuvute," alisema. "Joto kwanza. Halafu mukono ya polepole, toka chini kuenda juu. Akisema inavuta, we unasimama."

"Inavuta, nasimama," Laurence alirudia kwa adabu.

Cansilde alilishusha godoro, likatua vumbini. Mpaka ulikuwa mbele yao, hatua chache tu, na ng'ambo ya pili barabara inapanda. Laurence alilitazama godoro, akaweka mkono kiunoni, akamtazama Ildephonse. Ildephonse alilitazama, akaushika mgongo wake. Kisha wote wawili, kwa pamoja, bila ubaya wowote, wakamgeukia Cansilde.

Akainama. Alikunja magoti kama anavyopaswa mtu kuinama, akaingiza mikono chini ya kamba, akaliinua hadi pajani, hadi begani, hadi kichwani. Ildephonse alitoa pumzi ya kuridhika na kuanza kutembea kuelekea kizuizini. Cansilde akageuka akashika njia ya Mbugangari.

"We! Unaenda wapi?"

Cansilde aliongeza hatua.

"Cansilde! Godoro! Nitalala wapi? Mugongo yangu!"

Makarani waliokuwa wakipakua lori waliacha kazi. Rugema alipanda juu ya magunia ili aone vizuri, akapaza sauti yake yote.

"Ildephonse! Bibi yako anakimbia na kitanda!"

Kicheko kilichopigwa pale kilisikika hadi upande wa pili. "Bibi yake nani?" Laurence aliuliza, akimgeukia huyu na yule, mikono juu ya tumbo. "Bibi yake nani?" Wao walikuwa wanacheka tu. Ildephonse alijaribu kukimbia. Kukimbia alikuwa hajafundishwa bado. Alipiga hatua moja ndefu, kiuno kikamshika, akabaki pale katikati ya barabara amepinda upande, mkono mmoja hewani, akipiga ukelele ambao Cansilde aliujua unatoka wapi, msuli gani, chini ya mbavu ipi. Miguu yake ilisita. Viganja vilimwasha, vilitaka kurudi, na akaviona ni vijinga kuliko yeye. Alishika kamba kwa mikono yote miwili akapanda mlima.

Nyumbani alilitupa godoro juu ya kitanda, akajitupa juu yake. Lilinuka mawese na jasho la mtu yule. Alilia mpaka akachoka kulia. Na kilio kilipopungua, kikaja kingine ambacho alikuwa amekiahirisha tangu majuma ya kwanza: mgongo. Ulianzia shingoni, ukashuka, ukakaza katikati ya mabega kama kamba iliyoloweshwa. Alipitisha mkono juu ya bega, vidole havikufika. Aliupitisha kwa chini, akaupinda hadi kiwiko kikalia, havikufika. Alijua vizuri kabisa kinachotakiwa. Joto kidogo, viganja viwili, mtu asiye na haraka.

Upande wa pili wa ukuta Drocella alikuwa anatembea, anapanga vyombo. Cansilde alibisha ukutani kwa ngumi.

"Nini?" Drocella aliuliza.

"Njoo unikande kidogo mugongo."

Vyombo vilinyamaza. Alikuwa hajawahi kumwomba mtu yeyote jambo hilo maishani, na Drocella alilijua.

"Sha Cansilde," sauti ikasema, "mi sijui kukanda."